Charles Babbage: Kinu Kisichosaga

Charles Babbage alizaliwa London mwaka 1791. Mnamo 1834 alianza kubuni mashine ya kukokotoa iliyotenganisha ghala la namba na kinu cha kuzikokotoa. Namba zilipaswa kusafirishwa baina yake kwa fito zenye meno, kazi ifanywayo leo na njia za data ndani ya prosesa. Kikwazo kilikuwa tarakimu ya kubeba katika kujumlisha, iliyopita gurudumu baada ya gurudumu na kula wakati. Babbage akabuni utaratibu wa kuzibeba zote kwa pamoja. Hata hivyo, kasi hiyo ilibaki michoroni: alipofariki mwaka 1871, ni sehemu ndogo tu ya kinu iliyokuwa imeundwa. Mgawanyo wake wa ghala na kinu ungali msingi wa kompyuta.