Mchungaji aliyebaki na kundi lake

Wapendwa, sisi tuliopita katika Ebola ya 2018 hadi 2020, kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, tunajua namna watu wanavyoweza kukataa amri ya afya. Tukumbuke basi maisha ya William Mompesson, mchungaji wa kijiji cha Eyam, Uingereza.

Alifika huko mwaka 1664, angali kijana, na watu hawakumzoea. Wengi walimpenda bado Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyeondolewa kwa kukataa sheria ya ibada ya 1662. Mwezi wa 9 mwaka 1665 tauni iliingia. Inasimuliwa kwamba ilikuja ndani ya nguo zilizotoka London kwa fundi mshonaji.

Mwaka uliofuata watu wakataka kukimbia. Mompesson aliona kwamba peke yake hatasikilizwa. Akamwendea Stanley, na wote wawili wakaomba kijiji kisitoke, ili ugonjwa usifike kwa majirani. Kanisa likafungwa, ibada ikafanyika nje bondeni, na kila jamaa ikazika wafu wake yenyewe. Bwana mkubwa wa eneo, Earl wa Devonshire, akatuma chakula mpakani. Pesa za kununua vitu ziliachwa ndani ya siki.

Hatufichi neno: Mompesson alikuwa amekwisha kuwatuma watoto wake wawili mbali. Lakini yeye na mke wake Catherine walibaki. Catherine alifariki mwezi wa 8 mwaka 1666. Watu wapata 260 walikufa pale. Miaka ya nyuma, alipohamia Eakring, waumini wapya walimwogopa kwa sababu ya tauni. Alifariki mwaka 1709.

Kwa nini watu wa Eyam walitii? Waliowaomba walikuwa watu wanaowajua, wawili waliotofautiana lakini wakasema neno moja. Walikaa chini ya amri ileile. Tena chakula kilifika.

Kwetu Beni na Butembo, wengi waliuliza kwa nini magari ya riposti yanafika upesi, na usalama haufiki. Wengine walinyimwa kura ya 2018 kwa sababu ya Ebola. Hofu yao haikuwa ujinga mtupu. Ndugu wachungaji, ugonjwa mwingine ukija, tusisome tangazo mimbarani tu. Tuketi kwanza na wa kanisa lingine, tuulize nani atalisha nyumba iliyofungwa, na sisi wenyewe tuwe wa kwanza kunawa.