Jimmie Rodgers: Mcharazaji gitaa aliyeimbwa na Wakipsigis

KIJANA wa Olenguruone anayenunua gitaa lake la kwanza aghalabu huuliza bei pekee. Habari ya nyuzi huikumbuka baadaye, vidole vinapoanza kumwuma. Katika eneo hilo la Nakuru linalopakana na Msitu wa Mau, ambako baridi ya asubuhi hufanya vidole kufa ganzi, unene wa nyuzi huweza kuamua iwapo ataendelea kujifunza au atalitundika gitaa ukutani.

Maisha ya marehemu Jimmie Rodgers, Mmarekani ambaye jina lake liliimbwa katika nchi ya Wakipsigis enzi za ukoloni, yana funzo kwa kijana huyo.

Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897 na kulelewa katika eneo la Meridian, jimbo la Mississippi. Alifiwa na mamake angali mtoto. Babake alikuwa msimamizi wa kikosi cha mafundi wa reli, na kijana huyo naye akaingia kazi iyo hiyo, kwanza akiwachotea maji vibarua, kisha akihudumu kwenye breki za treni. Nyimbo za vibarua hao, wengi wao wakiwa watu weusi, zilimkaa moyoni.

Mnamo 1924 alipatikana na kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na dawa. Kazi ya reli ikamshinda. Akiwa na mke na binti wa kulisha, aligeukia gitaa.

Agosti 4, 1927 alirekodi nyimbo zake za kwanza mjini Bristol, jimbo la Tennessee. Miezi michache baadaye alirekodi wimbo wake uliovuma mno, na sauti yake iliyoruka ghafla kutoka nzito hadi nyembamba ikajulikana kote Marekani. Mwaka wa 1930 alirekodi pamoja na mpiga tarumbeta Louis Armstrong.

Enzi hizo magitaa yenyewe yalikuwa yakibadilika. Nyuzi za utumbo wa wanyama, zenye mlio wa upole, zilikuwa zikiachia nafasi nyuzi za chuma zenye mlio mkali. Kampuni ya Martin ilimtengenezea Rodgers gitaa maalumu mnamo 1928, jina lake likiwa limenakshiwa shingoni. Mgongoni liliandikwa neno la shukrani, ambalo aliwaonyesha watazamaji kwa kuligeuza gitaa.

Uchezaji wake haukuwa wa madoido. Alipiga uzi mmoja mnene wa besi, kisha akazicharaza nyuzi nyembamba kwa pamoja. Baina ya beti alishuka au kupanda kwa noti chache za besi. Kwa namna hiyo nyuzi nene zilifanya kazi ya ngoma, nayo sauti yake ikapata nafasi.

Hapo ndipo lilipo suala la unene. Nyuzi hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni 10 ni nyepesi mno. Ya 12 ni nyepesi. Ya 13 ni ya wastani. Ili kutoa noti ile ile, uzi mnene sharti uvutwe kwa nguvu zaidi. Hivyo basi hutoa sauti kubwa na nzito, lakini hudai vidole imara, na mvuto wake waweza kung'oa kidaraja cha gitaa hafifu. Uzi mwembamba hubanika kwa urahisi, ila ukipigwa kwa nguvu huyumba na kukwaruza.

Santuri za Rodgers zilivuka bahari hadi Kenya. Mnamo 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, magharibi mwa Olenguruone, na kurekodi nyimbo za Wakipsigis zilizomtaja Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers. Ziliimbwa kwa chepkong, ala ya jadi ya nyuzi. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana walioimba mmojawapo walimsawiri Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swara. Rekodi hizo zilirejeshwa kwa jamii hiyo katika miaka ya 2010.

Rodgers mwenyewe hakupata kujua hayo. Mnamo Mei 1933 alisafiri hadi New York kurekodi, akiwa hoi kiasi cha kulazwa kitandani baina ya wimbo mmoja na mwingine. Alifariki Mei 26, siku mbili baada ya kumaliza, akiwa na umri wa miaka 35. Alikuwa amerekodi zaidi ya nyimbo 100 kwa muda usiotimia miaka sita.

Mwanagenzi wa Olenguruone basi asione haya kuanza na nyuzi nyepesi, kisha apande kadiri vidole vinavyokomaa. Anayetaka besi nzito ya kusindikiza sauti atazihitaji nene, mradi gitaa lake lizihimili. Aidha, azipanguse kila amalizapo kucheza, kwani unyevu huleta kutu. Nyuzi nene si kipimo cha ubingwa. Rodgers, aliyekuwa na pumzi chache, alitaka gitaa limbebee wimbo, na wimbo huo ukafika Kapkatet.