Robert Noyce: Aliyeuza chipu chini ya gharama
Na Mwandishi Wetu, Lushoto

MKULIMA anayeshusha kabichi zake katika soko la Lukozi, wilayani Lushoto, hahitaji kufundishwa uchungu wa kuuza chini ya gharama. Bei ikianguka, mbolea na nauli ya lori hazianguki pamoja nayo. Hata hivyo, simu anayoulizia bei za Dar es Salaam isingekuwa rahisi kiasi hicho kama mtu mmoja asingeuza hivyo kwa makusudi.

Robert Noyce, mtoto wa mchungaji, alizaliwa Desemba 12, 1927 katika jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1957 yeye na wenzake saba walimwacha mwajiri wao, William Shockley, wakaanzisha Fairchild Semiconductor huko California. Miaka miwili baadaye alibuni namna ya kutengeneza saketi nzima ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Jack Kilby wa Texas Instruments alikuwa ametangulia mwaka 1958 kwa njia yake.

Chipu hizo zilikuwa ghali, na wanunuzi wakubwa walikuwa jeshi na miradi ya anga. Viwanda vingine viliona nafuu kuunganisha vipuri kimoja kimoja. Mwaka 1964 Noyce aliamua ziuzwe chini ya gharama ya kuzitengeneza, chini hata ya bei ya vipuri hivyo.

Hesabu yake ilikuwa hii: chipu nyingi za mwanzo huharibika kiwandani, lakini kadiri zinavyotengenezwa kwa wingi ndivyo nzima zinavyoongezeka na gharama ya kila moja kushuka. (Kabichi, kwa bahati mbaya, haina tabia hiyo.) Wateja walimiminika, na washindani wakalazimika kushusha bei.

Mwaka 1968 alianzisha Intel pamoja na Gordon Moore. Huko ndiko silaha yake ilikomgeukia. Katika miaka ya 1980 viwanda vya Japani viliuza chipu za kumbukumbu kwa bei ambazo Intel haikuzimudu, na mwaka 1985 kampuni hiyo ikaamua kujitoa katika biashara hiyo. Noyce alikwenda Washington kuiomba serikali iingilie kati. Watetezi wake watasema kwamba yeye alifungua soko jipya, ilhali Wajapani walinyakua lililokuwapo. Lakini ni vigumu kuisahau 1964.

Mwaka 1988 alikwenda Austin, Texas, kuongoza Sematech, ushirika wa viwanda hasimu vya Marekani uliosaidiwa na serikali ili kuboresha uzalishaji. Alifariki dunia huko Juni 3, 1990 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 62. Kilby alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, marehemu hawateuliwi.