Profesa Joseph Maina Mungai, Mchunga Mifugo Aliyeusoma Ubongo

Mwaka huu nimeamua kuwaacha wanasiasa na wanariadha, maana hao wameandikwa humu mpaka basi. Nataka kuwasimulia habari za mtu aliyefanya kazi ambayo ukiitaja hapa Siakago wenzako wanakucheka, nayo ni kazi ya kuuchunguza ubongo.

Joseph Maina Mungai alizaliwa mwaka wa 1932, enzi za mkoloni, na utotoni alikuwa mchunga mifugo. Jambo hilo hakulionea haya hata kidogo. Alipoandika tawasifu yake mwaka wa 2002, akiwa profesa anayeheshimiwa kote nchini, alilitaja kwenye jalada lenyewe. Sisi tunaotoka shuleni jioni na kukimbilia mbuzi, au kuchuma muguka ili karo ipatikane, tunajua uzito wa kujitaja hivyo mbele ya watu.

Sasa hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1934, Mungai akiwa mtoto wa miaka miwili tu, daktari mmoja Mzungu aliyefanya kazi Nairobi, F. W. Vint, alichapisha makala katika jarida la Uingereza liitwalo Journal of Anatomy. Alikuwa amechukua bongo 100 za Waafrika wa Kenya waliofariki, akazipima. Akatangaza kwamba gamba la nje la ubongo, yaani sehemu tunayoitumia kufikiri, ni jembamba kwa Mwafrika kuliko kwa Mzungu. Ati Mwafrika mzima analingana na mtoto wa Kizungu wa miaka saba au minane! Ati babu zetu hao! Hata wakati huo walikuwapo wataalamu waliompinga, lakini maneno ya namna hiyo yaliwafurahisha waliotaka kusema kwamba kumsomesha Mwafrika ni kupoteza pesa. Mungai alikulia katika nchi hiyo.

Kenya haikuwa na chuo cha udaktari siku hizo. Ilibidi aende Makerere, Kampala, akasomea udaktari huko. Baadaye alivuka bahari hadi London kufanya shahada ya uzamifu, na hapo ndipo alipozama ndani ya ubongo. Hakushika ubongo mzima, la. Alishika sehemu ndogo tu ya gamba la ubongo wa paka, ile inayopokea habari za mguso kutoka mwilini. Katika sehemu hiyo akachunguza jinsi matawi ya seli za neva yanavyotanda. Matawi hayo huitwa dendriti, na ndiyo yanayopokea ujumbe kutoka kwa seli nyingine.

Kazi hiyo si mchezo. Kuna mbinu aliyoivumbua Mtaliano Camillo Golgi mwaka wa 1873. Kipande cha ubongo hulowekwa kwenye dawa zenye madini, kisha hukatwa vipande vyembamba sana na kutazamwa kwa hadubini. Ajabu ni kwamba seli chache tu hugeuka nyeusi, nyingine zote zikabaki bila rangi. Afadhali iwe hivyo. Zingegeuka zote ungeona giza tupu, kama mtu anayetafuta mgunga mmoja katikati ya kichaka cha Mbeere. Mtafiti hukaa hapo akifuatilia tawi moja baada ya jingine. Mimi nikipewa zamu yangu ya hadubini darasani, kabla sijaona kitu nishasukumwa na anayefuata, kwa hiyo uvumilivu wa namna hiyo naustaajabia.

Matokeo ya kazi yake yalichapishwa mwaka wa 1967. Jarida lilikuwa lile lile, Journal of Anatomy. Miaka 33 baada ya Vint, Mkenya aliyechunga mifugo alikuwa akiwafundisha wasomaji wa jarida hilo jinsi gamba la ubongo lilivyojengwa. Jamani, niliposoma tarehe hizo mbili nilifunga daftari nikakaa kimya.

Mwaka huo huo wa 1967 Nairobi ilipata shule yake ya udaktari. Mungai alifundisha anatomia huko, na katika miaka ya 70 akawa mkuu wa kitivo cha udaktari. Kuanzia 1979 hadi 1985 alikuwa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hicho kiti kilikuwa cha moto. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 liliponaswa na wanafunzi ndani, chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Baadaye alipewa kazi ya kuongoza Tume ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka wa 1985.

Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja anasema hapo Mungai alipotea njia, eti mwanasayansi akishaonja ofisi hadubini hushika vumbi. Tumebishana sana. Ni kweli utafiti ulipoteza macho makali. Lakini bila watu wa kusimamisha ile shule, mtoto wa Siakago angeendelea kuomba nafasi Kampala au Ulaya. Leo mwanafunzi wa udaktari pale Nairobi anaweza hata kusimamisha masomo yake kidogo akachukua shahada ya anatomia, kisha akaendelea.

Profesa Mungai alifariki mwaka wa 2003. Utafiti wa ubongo haukufa naye. Kule Kilifi, katika kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1989, watafiti wamefuatilia watoto waliopona malaria iliyopanda hadi kwenye ubongo, wengine wakabaki na kifafa. Ni kifafa hicho hicho ambacho huku bado kuna wanaosema ni kurogwa.

Tena kuna hili la muguka. Ndani yake mna kathinoni, inayouchangamsha ubongo na kuunyima usingizi. Mei 2024 Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Embu, nayo ikaisimamisha amri hiyo kwa muda. Wa pwani walizungumzia vijana wao, wetu wakazungumzia karo. Mimi nilitaka mtu anionyeshe chini ya hadubini kile ambacho kathinoni hufanya kwenye dendriti za kijana wa miaka 16, na mtu huyo awe ni wa kwetu, aliyewahi kulipiwa karo na muguka huo huo.