Félix d'Hérelle: Hakuwa na digrii, akagundua virusi vinavyofichua maji yenye kinyesi

Maji yanaweza kuonekana safi, yakapimwa yasikutwe na bakteria wa kinyesi, na bado yakakulaza hospitali. Baadhi ya virusi vya tumboni huvumilia klorini kuliko bakteria hao. Ndiyo maana maabara nyingine sasa hutafuta pia bakteriofaji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria. Vile vya bakteria E. coli vikiwamo kwa wingi, basi kinyesi kimefika huko.

Aliyevipa jina hilo ni Félix d'Hérelle. Alizaliwa Paris mwaka 1873, ingawa mwenyewe alikuwa akisema kwao ni Montreal, Canada. Digrii ya udaktari au sayansi hakuwa nayo. Alijifundisha mwenyewe, akafanya kazi Guatemala na Mexico, mwishowe akaingia Taasisi ya Pasteur jijini Paris.

Mwaka 1915, vita vikiendelea, askari wa Ufaransa walikumbwa na kuhara damu. D'Hérelle akachukua kinyesi chao, akakichuja kwa chujio la kauri linalozuia bakteria, kisha majimaji yaliyopita akayatia kwenye chupa yenye bakteria wa ugonjwa huo. Asubuhi moja akakuta chupa iliyokuwa na ukungu imekuwa angavu. Bakteria kwisha! Na mgonjwa mwenye kinyesi kile naye kumbe alikuwa amepata nafuu. Mwaka 1917 akatangaza kwamba kuna kidudu kisichoonekana kinachokula bakteria.

Matata yakaanza. Mwingereza Frederick Twort alikuwa ameshaandika jambo kama hilo mwaka 1915. Jules Bordet, mshindi wa Nobel, akashikilia kwamba hicho si kiumbe. Malumbano yalidumu miaka, hadi darubini ya elektroni ilipovionyesha virusi hivyo karibu na 1940.

Yeye alitaka viwe dawa. Mwaka 1919, kabla ya kumpa mtoto mwenye kuhara damu, alivinywa yeye kwanza. Mtoto akapona. Baadaye akaenda India kupambana na kipindupindu, na huko bakteriofaji wa ugonjwa huo walimiminwa hata visimani. Ajabu kidogo, maana leo ndugu zao wakikutwa kisimani ni habari mbaya.

Miaka ya 1930 alikwenda Georgia kumsaidia rafiki yake George Eliava kujenga taasisi ya bakteriofaji. Mwaka 1937 Eliava akauawa na utawala wa Stalin. D'Hérelle alikuwa ameshaondoka, na hakurudi tena. Kisha zikaja antibiotiki, dawa yake ikasahaulika katika nchi nyingi za Magharibi. Alifariki Paris mwaka 1949, bila Nobel licha ya kupendekezwa mara nyingi.

Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliviingiza virusi vya E. coli kwenye sheria yake ya maji ya kunywa: vikizidi 50 katika mililita 100 za maji ghafi, mtambo unapaswa kupimwa kama kweli unaviondoa.