Denis Burkitt, muganga wa jicho moja aliyefuata kansere ya watoto njia kwa njia

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, inchini Uganda, muganga Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishindwa kueleza ugonjwa huo. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Hapo akaelewa kwamba hilo si jambo la bahati mbaya. Alianza kuchunguza rejista za hospitali, na akakuta watoto wengi waliokufa kwa uvimbe wa taya au wa tumbo.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Alisoma uganga Dublin, akawa mpasuaji. Alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza huko Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Wakati wa vita ya pili ya dunia aliingia jeshini kama muganga, akafika Kenya. Mwaka wa 1946 hatimaye alipewa kazi Uganda, kwanza Lira, kisha Kampala.

Alitangaza habari ya uvimbe huo mwaka wa 1958. Lakini ni waganga wa laboratwari, kama Gregory O'Conor na Jack Davies, waliotazama vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye uvimbe na kuonyesha kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ni ugonjwa mmoja: limfoma, yaani kansere ya chembe zinazolinda mwili.

Swali likabaki: ugonjwa huu unapatikana wapi? Mwezi wa Oktoba 1961, Burkitt alipanda gari kuukuu pamoja na waganga wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa akifanya kazi Kuluva, karibu na Arua, si mbali na mpaka wa Kongo. Kwa wiki kumi walisafiri kilometa karibu 16.000 hadi Afrika Kusini, wakipita katika hospitali zaidi ya 50 na kuonyesha picha za watoto wagonjwa. Waliona kwamba karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa haba sana penye mwinuko wa zaidi ya meta 1.500. Ulifuata joto na mvua, sawa na malaria. Watu wa Kivu wanajua vizuri tofauti hiyo, kati ya baridi ya milimani na joto la tambarare ya Ruzizi.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mafundisho mjini London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa akisikiliza. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili ilipita bila matokeo. Mwezi wa Desemba 1963 ukungu ulizuia ndege kutua London, na kipande kikachelewa. Maji yake yalikuwa yamechafuka, lakini ndani mlikuwa na chembe hai zilizokubali kukuzwa. Mwaka wa 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona virusi ndani ya chembe hizo. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Kule Kampala hapakuwa na mashine za kuchoma kansere kwa mionzi. Burkitt alijaribu dawa, na watoto fulani walipona kabisa, jambo ambalo waganga wengi wa wakati ule hawakulitazamia.

Sababu ya ndani zaidi ilionekana baadaye. Mwaka wa 1972, Georgi Manolov na Yanka Manolova waliona kromozomu namba 14 ikiwa na kipande cha ziada ndani ya chembe za kansere hiyo. Mwaka wa 1976 ilijulikana kwamba kipande hicho kinatoka kwenye kromozomu namba 8. Kisha mwaka wa 1982 ikaonekana kwamba kipande hicho kinabeba jeni iitwayo MYC, inayoamuru chembe igawanyike. Ikihamia mahali pabaya, inaamuru bila kupumzika, na uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili hivi.

Leo uhamaji huo unatafutwa hata katika nyama iliyohifadhiwa. Kipande kinawekwa katika formoli, kisha katika parafini, na kinaweza kukaa miaka mingi. Laboratwari inakata utando mwembamba sana, inaondoa parafini, na kuweka alama mbili zenye kung'aa, nyekundu na kijani, kila upande wa jeni MYC. Alama zikikaa pamoja, jeni ni nzima. Zikitengana, jeni imevunjika. Lakini limfoma nyingine pia zinaweza kuvunja jeni hiyo, kwa hiyo muganga anapima pia sura ya chembe na alama zingine. Tena, kipande kilichochelewa kutiwa formoli, au kilichokaa humo kupita kiasi, kinaweza kushindwa kutoa jibu.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966, akajulikana tena kwa kushauri watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alikufa tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82. Kansere ile inaitwa kwa jina lake hadi leo, na bado inashika watoto katika inchi zenye malaria nyingi. Kwa mtoto ambaye taya lake linavimba haraka, siku zinahesabika: kumfikisha hospitali mapema, na kuhifadhi vema kipande cha uvimbe, kunaweza kumwokoa.