Roy Plunkett: jamaa aliyekata mtungi kwa msumeno akakuta Teflon

Jina la Roy Plunkett sidhani kama linajulikana mitaani kwetu, ila kitu alichokigundua wengi tunakitumia bila kujua. Fundi bomba anapozungushia ile tepu nyeupe nyembamba kwenye meno ya bomba ili maji yasivuje, hapo tayari kuna mkono wa Plunkett. Kikaango ambacho yai haligandi, hivyo hivyo. Leo tumcheki huyu mzee, maana maisha yake yana utamu halafu yana uchungu.

Alizaliwa tarehe 26 Juni 1910 huko New Carlisle, jimbo la Ohio, Marekani. Alisoma kemia Manchester College, Indiana, akamaliza 1932, kipindi ambacho uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka chali na ajira hakuna. (Hapo wengine tunaelewana.) Pale chuoni aliishi chumba kimoja na Paul Flory, ambaye mwaka 1974 alikuja kupata Nobeli ya kemia kwa kazi yake juu ya polimeri. Chumba kimoja, vichwa viwili vya namna hiyo! Plunkett akaendelea Ohio State University, akapata udaktari 1936, na mwaka huo huo kampuni ya DuPont ikamchukua kwenye maabara yake ya Deepwater, New Jersey.

Kazi aliyopewa ilikuwa ni kutafuta gesi mpya za friji. Friji za zamani zilitumia gesi kama amonia, ambazo zikivuja ndani ya nyumba ni balaa. DuPont tayari walikuwa na Freon, wakataka nyingine. Plunkett akatengeneza kama kilo 45 za gesi iitwayo tetrafluoroethilini, akaijaza kwenye mitungi midogo na kuihifadhi kwenye barafu kavu. Mpango ulikuwa aichanganye na asidi ya haidrokloriki.

Asubuhi ya tarehe 6 Aprili 1938 msaidizi wake, Jack Rebok, akafungua mtungi mmoja. Kimya. Gesi haitoki. Wakaupima uzito, mtungi ukaonekana bado umejaa. Sasa hapa ndipo mimi namvulia kofia Plunkett. Mtu mwingine angesema valvu imeziba, akautupa pembeni, akachukua mtungi mwingine kazi iendelee. Yeye na Rebok waling'oa valvu, wakaupindua mtungi, ukadondoka unga mweupe. Uzito wa ule unga ukawa haulingani na gesi iliyowekwa, kwa hiyo wakachukua msumeno wakaupasua mtungi wenyewe. Kuta za ndani zote zimegandiwa na kitu cheupe, kinateleza kama nta. Plunkett alikuwa na miaka 27.

Kilichotokea ni kwamba molekuli za gesi zilishikana mikono zenyewe mle ndani, zikawa mnyororo mrefu, yaani polimeri. Fikiria uti wa mgongo wa kaboni uliovikwa fluorini pande zote kama koti. Kaboni ikishikana na fluorini, kuachana ni kazi kubwa, kwa hiyo asidi ikija haipati pa kushika, mafuta hayapati, maji hayapati. Plunkett aliujaribu ule unga kwa vimiminika vikali vya maabara, haukuyeyuka. Joto nalo linauchukua muda, unalainika kwenye nyuzi 327 hivi za Selsiasi. Hati ya ugunduzi ilitoka 1941, na jina Teflon likasajiliwa 1945.

Mteja wa kwanza mkubwa hakuwa mama wa jikoni, ilikuwa ni vita. Kwenye mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, gesi yenye urani ilikuwa inatafuna mihuri na viungio vya mabomba. Teflon ikavumilia. Jikoni ilichelewa kufika, mpaka 1954, Mfaransa Marc Grégoire alipopata njia ya kuigandisha kwenye alumini. Swali zuri kwa kweli: kitu kisichoganda popote unakigandishaje? Alikwaruza alumini kwa asidi mpaka ikawa na vishimo vidogo vidogo, Teflon ikajishikiza humo. Kampuni yake ya Tefal ikaanza 1956.

Baadaye wakemia wakachanganya ile gesi na gesi nyingine kwenye mnyororo mmoja, wakapata kopolimeri. Hizi zinayeyuka na kuumbika kirahisi kuliko Teflon ya kwanza, ambayo ni sugu mno. Ukichanganya na ethilini unapata ETFE, plastiki angavu na nyepesi. Wapenzi wa soka, ule uwanja wa Munich uliofunguliwa 2005, unaong'aa rangi usiku, ngozi yake ya nje ni ETFE.

Plunkett mwenyewe hakukaa na Teflon. Tangu 1939 alihamishiwa kwenye dawa ya risasi (madini, siyo ya bunduki) iliyokuwa inatiwa kwenye petroli, akawa mkemia mkuu. Halafu akaenda kusimamia Freon mpaka alipostaafu 1975. Sasa hesabu wewe. Risasi ilidhuru ubongo wa watoto dunia nzima. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. Freon nazo zilionekana mwaka 1974 kwamba zinakula tabaka la ozoni, mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuzibana. Hakuvumbua vyote hivyo, na mimi sitaki kumtwisha mzigo wote, ila ni ajabu mtu mmoja kupita katika milango yote mitatu.

Mwaka 1985 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa wavumbuzi wa Marekani. Alifariki tarehe 12 Mei 1994 huko Corpus Christi, Texas.

Mlango wa tatu ulifunguka akiwa ameshazikwa. Kutengeneza Teflon, DuPont walitumia tangu 1951 kemikali iitwayo PFOA, kwenye kiwanda cha West Virginia. Ikaingia kwenye maji ya kunywa. Mkulima mmoja ng'ombe wake wakawa wanakufa, akaenda mahakamani 1999. Watu kama 69,000 wakapimwa damu, na mwaka 2012 jopo la wanasayansi likaihusisha PFOA na magonjwa sita, ikiwemo saratani ya figo. Mwaka 2017 kampuni zikakubali kulipa dola milioni 670 na ushee. Mkataba wa Stockholm uliiweka kwenye orodha ya kuondolewa mwaka 2019. Kemikali ya aina hii haiozi, ndiyo maana wanaiita ya milele.

Kikaango chenyewe, hiyo Teflon iliyokwisha kuganda, vipande vidogo ukivimeza vinapita tu tumboni. Hatari ipo ukikiacha kitupu kwenye moto mkali: ikipanda sana joto inatoa moshi wenye sumu, na ndege wa kufugwa ndani wanakufa kwanza. Tia mafuta, punguza moto, fungua dirisha.